Uliza Kwanza Kilifanya Kazi Gani: Ushauri kwa Anayefundisha Habari za Hema ya Kukutania

Nimefundisha habari za hema ya kukutania, ile hema ya ibada ya Waisraeli walipokuwa jangwani, katika darasa la Biblia la watu wazima kwa miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilifundisha vibaya. Nilikuwa na chati kubwa niliyoitundika ukutani, na kila kilichochorwa humo nilikipa maana yake: samawi ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu, na hata kamba na vigingi sikuviacha. Jumapili moja mama mmoja mzee, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hilo la rangi limeandikwa wapi?" Nilifungua Kutoka 26, nikapitisha kidole mstari kwa mstari mbele ya darasa zima, nisilione. Rangi zimetajwa pale, lakini maana yake haikutajwa.

Sikuacha kuamini kwamba hema ile inamhubiri Kristo. Waraka kwa Waebrania unasema wazi kwamba makuhani wa Israeli walihudumu katika mfano na kivuli cha mambo ya mbinguni. Naye Yohana, anaposema kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, anatumia kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kupiga hema. Nilichobadilisha ni mpangilio wa maswali yangu. Kwa hiyo ninamshauri yeyote anayejiandaa kufundisha somo hili kwamba, kabla ya kuuliza kitu fulani ni mfano wa nini, aulize kwanza kilifanya kazi gani pale jangwani, nani aliruhusiwa kukikaribia, na kilitengenezwa kwa mali ya nani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni vitako vya fedha, yaani misingi iliyobeba mbao za kuta, ambavyo wahubiri wengi huvipita mbio ili wafike kwenye sanduku la agano. Kuta za maskani, yaani hema yenyewe iliyosimama ndani ya ua, zilikuwa mbao 48 za mti wa mshita, na kila ubao ulikuwa na ndimi mbili zilizoingia katika vitako viwili vya fedha, hivyo vitako vya mbao peke yake ni 96. Ukiongeza vinne vya nguzo za pazia lililotenga chumba cha ndani kabisa unapata 100. Kila kitako kilikuwa na uzito wa talanta moja, ambayo kwa makadirio ya kawaida ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Fedha hiyo yote ilitoka wapi? Kutoka 30 na 38 zinajibu: kila mwanamume aliyehesabiwa, wa miaka 20 na zaidi, alitoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze, kwa maana ilikuwa fedha ya upatanisho kwa ajili ya nafsi zao. Waliohesabiwa walikuwa 603,550. Piga hesabu mwenyewe utapata shekeli 301,775, yaani, kwa shekeli 3,000 kila talanta, talanta 100 kamili za vitako, na shekeli 1,775 zilizobaki zikatumika katika nguzo.

Maana yake ni kwamba zile mbao zilizofunikwa dhahabu hazikugusa mchanga wa jangwani; zilisimama juu ya fidia ya watu, na fidia ya maskini ilibeba uzito uleule uliobebwa na ya tajiri. Ukishaliona hilo, ndipo umfungulie mwanafunzi wako 1 Petro 1, pale mtume anapowaambia waamini kwamba hawakukombolewa kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya Kristo. Hapo mfano hauhitaji kusukumwa, kwa sababu kazi ya fedha ile ilikuwa ni upatanisho tangu mwanzo.

Birika la shaba nalo linastahili dakika chache. Halikuandikiwa kipimo chochote, lakini tunaambiwa lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema: shaba waliyojitazamia nyuso zao ikawa mahali ambapo makuhani walinawa mikono na miguu.

Pale ambapo Maandiko yamenyamaza, ninashauri tunyamaze pia, au angalau tuseme kwa sauti ya chini. Kifuniko cha juu kabisa, ambacho Biblia yetu ya Kiswahili inakiita ngozi za pomboo, kimehubiriwa sana kuwa ni unyonge wa Yesu ambaye hakuwa na uzuri wa kututamanisha. Ni wazo zuri, lakini hata lile neno la Kiebrania wafasiri wanalitafsiri kwa namna tofauti, na hakuna mtume aliyetoa fundisho hilo. Mwandishi wa Waebrania mwenyewe, baada ya kutaja kinara, meza, sanduku na makerubi, anasema kwamba hana nafasi ya kueleza vitu hivyo kimoja kimoja, kisha anaenda moja kwa moja kwenye damu na pazia.

Ndiyo maana chati yangu niliiondoa, nikanunua kamba ya katani. Siku moja tulilipima lile hema katika uwanja wa kanisa, tukihesabu dhiraa moja kuwa sentimita 45, na kuchora mistari kwa majivu. Ua ulitoka mita 45 kwa 22.5, na lango lake, upande wa mashariki, mita 9. Maskani yenyewe ilikuwa mita 13.5 kwa 4.5 tu. Patakatifu pa patakatifu palipobaki nyuma ya mstari wa pazia palikuwa mita 4.5 kila upande, sawa na sebule ya nyumba ya kawaida, na watu walishangaa sana kwamba mahali palipoogopwa namna ile palikuwa padogo hivyo.

Kisha nikawaomba wasimame pale ambapo kila mmoja angeruhusiwa. Mwisraeli wa kawaida aliingia na sadaka yake uani. Ndani ya maskani waliingia makuhani, na nyuma ya pazia kuhani mkuu peke yake, siku moja tu kwa mwaka, akiwa na damu. Darasa zima likabaki kwenye majivu ya ua, na mbele yetu kukawa na kile kiwanja kitupu.

Yule mama mzee akauliza kama sasa anaweza kupita. Nikampa Biblia asome mwenyewe Waebrania 10, mstari wa 19 na wa 20, panapotaja njia iliyo hai ipitayo katika pazia, yaani mwili wake Kristo. Alisoma polepole, akarudia mara ya pili, akavua viatu, akauvuka mstari.