Barua kwa mwanangu: Mjomba wako aliuawa

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mpaka nimeuhifadhi. Umesema fomu ya viza ya Uingereza ulikuwa ukiijaza bila taabu, hadi ulipofika kwenye maswali ya ugaidi: je, umewahi kushiriki, kuunga mkono au kuhimiza? Hapo mkono ukasita. Ndipo ukaniuliza: "Mama, kwani Mjomba alikuwa gaidi? Na kama hakuwa, mbona nyumbani tunasema alifariki, hatusemi aliuawa?"

La fomu ni jepesi. Unaulizwa wewe, na jibu lako ni la. Liandike uendelee.

La Mjomba nilifaa kukujibu zamani. Ulikuwa na miaka 11, tukakwambia amepata ajali njia ya Nairobi, na ule uongo tukauachia ukue nawe.

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwezi wa kumi, 2014. Alikuwa kibandani kwake hapa Kisauni, Mombasa, akichomelea geti la mteja. Gari jeupe likasimama, wakashuka wanaume wanne ambao hawakusema wao ni nani. Kijana aliyekuwa akimfunza kazi alinisimulia kwamba Mjomba aliomba kitu kimoja tu, aruhusiwe azime mashine. Hawakumruhusu. Nilipofika baada ya Isha, mashine ilikuwa bado inavuma kibandani peke yake na taa inawaka. Watu walikuwa wamejaa barabarani, na hapana aliyethubutu kuingia kuizima. Niliizima mimi.

Tulizunguka vituo vitatu vya polisi. Kimoja walituandikia nambari ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, kwenye kipande cha karatasi. Kingine afisa aliniambia nirudi nyumbani nikangoje, pengine ndugu yangu keshavuka Somalia kujiunga na al-Shabaab kama wenziwe. Siku ya tisa tukapigiwa simu kutoka chumba cha maiti, mbali huko barabara ya bara. Alikuwa ameokotwa msituni. Nilimtambua kwa lile kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Unalikumbuka, ulikuwa ukipenda kuligusagusa.

Sasa nikwambie lililonifunga mdomo miaka yote hii. Daktari alitwambia ili ijulikane amekufaje lazima maiti apasuliwe, na mpasuaji angekuja Jumatatu. Siku ile ilikuwa Jumamosi. Wazee wetu wakasema ametosha kuteseka, maiti huumia kama aliye hai, azikwe leo hii. Bibi yako analia. Nikapewa karatasi ya kukataa, nikatia saini mimi, kwa mkono wangu. Kabla ya Magharibi alikuwa keshazikwa. Alipigwa risasi ya namna gani, kutoka upande gani, na kama alifungwa au alipigwa kabla yake, yote tuliyatia kaburini pamoja naye. Baadaye nilimsikia sheikh akisema kumpasua maiti ili haki ijulikane hakukatazwa. Nilitoka pale msikitini nikaenda kulia bafuni.

Tunasema "alifariki" kwa sababu ukisema "aliuawa" utaulizwa na nani, na mimi ndiye niliyetia saini.

Alikuwa gaidi? Nitakwambia ninalolijua. Ijumaa alikuwa akiswali Masjid Musa kama mamia ya watu wengine, na mawaidha ya Sheikh Aboud Rogo, yule mhubiri aliyetuhumiwa kuwaunga mkono al-Shabaab, aliyasikiliza. Mimi mahubiri yale sikuyapenda, na nilimwambia uso kwa macho. Tuligombana mpaka tukawa hatusemezani kwa wiki. Lakini hakuwahi kushtakiwa kwa lolote. Mahakama ya Shanzu iko palepale, si mwendo. Kama walikuwa na ushahidi wangempeleka huko, tusikie sote.

Na hakuwa peke yake. Rogo mwenyewe aliuawa kwa risasi tarehe 27 Agosti 2012 akiwa garini na familia yake. Jopo lililoundwa kuchunguza likamaliza 2013 bila kupata ushahidi wa kumshtaki mtu, likapendekeza uchunguzi wa mahakama. Abubakar Shariff, mhubiri mwenzake, yule aliyeitwa Makaburi, aliuawa tarehe 1 Aprili 2014 nje ya mahakama hiyohiyo ya Shanzu. Mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la Haki Africa lilitoa ripoti yenye kesi 81 za Pwani za waliouawa au kupotezwa tangu 2012. Wengi wao hukuwasikia wakitajwa, walikuwa watu kama Mjomba wako, mafundi na wachuuzi.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya watu. Kazini kwangu mwenzangu mmoja aliniambia, "Nyinyi watu wa Pwani mnawalea wenyewe." Ndio haohao wanaotuambia sisi ni wavivu, kazi yetu kulala chini ya mnazi na kufuga majini. Mwaka jana ulipokwenda kuomba pasipoti uliona. Yule kijana aliyekutangulia alitoa karatasi zake akaenda zake, wewe kwa jina lako na sura yako ukadaiwa cheti cha babu, kisha cha baba yake babu. Ulirudi umenyamaza. Mimi pia nilinyamaza, nikakupikia.

Lakini usiende huko ukidhani sisi ni wa kuonewa tu. Rogo alipouawa, vijana wetu waliingia makanisani wakavunja na kupora, na watu wa bara wakajifungia majumbani mwao kwa hofu. Jirani yetu wa Machakos, uliyekuwa ukimwita Nyanya, alilala sakafuni kwetu usiku ule na wajukuu wake wawili. Miaka miwili baadaye ni yeye aliyenishika mkono kule chumba cha maiti. Wazee wetu walibaki nje. Ni yeye pia aliyeninong'oneza, "Mama, usitie saini, tungoje Jumatatu." Sikumsikiliza. Nilijiambia ni mtu wa bara, ni Mkristo, mambo yetu atayajuaje.

Huko Glasgow utakutana na wanaoijua Mombasa kwa ile Mei ya 2014 tu, serikali yao ilipowaonya wasije kwa hofu ya mashambulizi, na watalii wakapakiwa kwenye ndege kurudishwa kwao. Wengine wataijua kwa fukwe. Usijieleze kupita kiasi, wala usiseme unatoka "karibu na Nairobi" kama nilivyokuwa nikisema mimi nilipokuwa chuoni. Sema Mombasa, Kisauni. Ukiulizwa jamaa zako na ukiona anayeuliza anastahili kujibiwa, sema, "Mjomba wangu aliuawa, na aliyemuua hajajulikana." Yote mawili ni kweli.

Nimeitafuta ile karatasi ya OB nikaipata ndani ya msahafu wa bibi yako. Jumanne mimi na Nyanya tunakwenda kwa wakili, tuombe hakimu afungue uchunguzi wa kifo. Najua ni miaka mingi, na najua wanaweza kutaka kaburi lifukuliwe. Nimemwambia bibi yako. Alikaa kimya mpaka adhana ya Alasiri, kisha akaniuliza kama yule kijana wa kibandani bado yuko Kisauni, maana yeye aliwaona kwa macho. Yuko, ana kibanda chake sasa. Nimeongea naye na amekubali kuja.

Cheti cha kupimwa kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza usikiache dakika za mwisho. Baba yako amekununulia sweta mbili nzito pale Kongowea, nitazituma Nairobi kwa basi la Jumapili. Ukizipokea nipigie.

Mama