Mdogo wako asiombe kuondoka, aombe hesabu kwanza

Ndugu, nirudie swali lako ili wanaoingia sasa wafuate: mdogo wako anaimba hapa Lubumbashi, alisaini kontra, yaani mkataba, ya miaka mitano na lebo (kampuni ya muziki) ya mjini, bado miwili. Nyimbo zinapigwa hadi Likasi na Kolwezi, lakini ya YouTube hajaona hata franga. Sasa anataka "kujinunua kama Harmonize".

Harmonize alipotoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania, akauza mali ili azipate. Kila mtu anazikumbuka hizo milioni, na ndizo zinazowaponza vijana wetu. Wanaingia ofisini kwa bosi na neno moja tu, "nataka kutoka, nilipe ngapi?" Ukianza hivyo, bei anaitaja yeye, nawe huna cha kuipimia. Ukianza kwa kudai hesabu, anayetakiwa kujibu ni yeye.

Hesabu ndiyo hii. Tuseme lebo imetumia dolari 6,000: studio 1,000, klipu tatu za 1,200 kila moja, promo ya redio na mitandao 900, nguo na usafiri 500. Kontra inasema lebo 70, msanii 30. Sasa angalia hizo 6,000 zinakatwa wapi. Zikikatwa juu kabla ya kugawana, mapato yakifika 20,000 yanabaki 14,000, na msanii anapata 4,200. Zikikatwa kwenye fungu la msanii peke yake, kwa mapato yaleyale 20,000 fungu lake ni 6,000, zote zinaishia kwenye deni, naye anatoka mikono mitupu. Lebo hapo imekwisha kuchukua 14,000 zake na gharama zake zimerudi zote. Asilimia ni zilezile, mapato ni yaleyale. Kontra nyingi za hapa mjini zinaandika "baada ya kurudisha gharama" zikaishia hapo, na ukimya huo mara nyingi unasomwa kwa faida ya mwenye pesa. Angalia pia kama gharama zina kikomo. Kama hakuna mstari unaosema matumizi yanayozidi kiasi fulani yanahitaji sahihi ya msanii, klipu inayofuata itakuwa ya 4,000 na deni litaanza upya.

Kwa hiyo barua ya kwanza isiwe ya kuvunja kontra. Iwe ya kudai mambo manne: ripoti za msambazaji mtandaoni (kampuni inayopeleka nyimbo Spotify na kwingine) kwa kila wimbo na kila mwezi, katika faili lenyewe wala si picha ya skrini, ripoti za mapato ya YouTube, orodha ya gharama na risiti zake, na orodha ya maonyesho yote pamoja na kashe, yaani malipo ya onyesho, iliyolipwa. Wape siku 15 au 30, kadiri kontra inavyosema. Apeleke nakala mbili, moja isainiwe na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, arudi nayo. WhatsApp haitoshi, ingawa ujumbe wa zamani na SMS za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money azihifadhi zote, asibadilishe simu kabla ya kuzitoa.

Wasipojibu, hapo ndipo avoka, yaani wakili, anaandika mise en demeure (barua rasmi ya onyo la mwisho), na ni heri ipelekwe na huissier, mpeleka hati wa mahakama, ili tarehe isibishaniwe. Msingi wake uko kwenye Code civil, Livre III, sheria yetu ya Kongo juu ya mikataba. Kifungu cha 33 kinasema makubaliano halali ni sheria kwa walioyafanya na yatekelezwe kwa nia njema. Hicho kinambana mdogo wako sawa na lebo, asije akadhani kuchoka ni sababu ya kutoka. Kifungu cha 82 ndicho mlango: katika kontra ya pande mbili, upande mmoja usipotimiza wajibu wake, mwingine anaweza kuomba kontra ivunjwe. Ila uvunjaji huo unaombwa mbele ya hakimu, hautangazwi kwa "live" ya Facebook usiku wa manane.

Kabla ya hapo angalia nani alisaini. Kama lebo ina RCCM, yaani namba ya kuandikishwa kama biashara, mshitakiwa ni mfanyabiashara na shauri linakwenda Tribunal de commerce, mahakama ya biashara, ya hapa Lubumbashi. Kama hakuna RCCM, kuna muhuri tu na jina zuri, basi kontra ni kati yake na yule bwana aliyesaini, na mambo yanabadilika sana. Angalia na umri: kama alisaini kabla ya kutimiza miaka 18 bila mzazi, avoka aambiwe siku ya kwanza.

Kuna kosa moja linaloua kesi nzuri: kuendelea kula pesa ya kontra huku unasema kontra ni mbaya. George Michael aliishitaki Sony huko London akashindwa mwaka 1994. Kilichomwangusha ni pamoja na kwamba kontra ilikuwa imejadiliwa upya mwaka 1988 akiwa na mawakili wake, akapata masharti bora, kisha akaendelea kuitumia. Kwa kiwango chetu ni kitu kidogo tu: bosi anakuita, anakupa dolari 300 za sikukuu, unasaini karatasi "malipo ya awali ya albamu ijayo". Umekwisha kuikubali kontra upya. Asisaini karatasi yoyote kipindi hiki, hata ya mafuta ya gari.

Hesabu ikishajulikana, ndipo mzungumzie kutoka. Hapo mtenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya chini ya neno "nyimbo zangu". Kuna rekodi yenyewe, ile masta, ambayo kwa kawaida ni ya aliyelipia studio. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, ambao ni wa mtunzi mpaka autoe kwa maandishi. Sheria yetu ya 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi inalinda pia haki ya jina lake kutajwa, na hiyo haiuzwi. Ajiandikishe SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, kama mtunzi kwa jina lake, asiache lebo ijiandike "mtunzi mwenza" kwa sababu bosi alikuwa amekaa kwenye kochi la studio. Cha tatu ni funguo za akaunti, na huko ndiko wengi wanaliwa baada ya kulipa.

Chaneli ya YouTube iliyofunguliwa kwa Gmail ya meneja haihamishwi kwa kupewa nenosiri. Lazima iwe kwenye Akaunti ya Biashara ya Google (Brand Account). Lebo inamwongeza mdogo wako kama mmiliki, anakubali mwaliko, zinapita siku saba, ndipo lebo inaweza kumfanya mmiliki mkuu. Siku hizo saba ni kanuni ya Google. Kwa hiyo malipo ya kutoka yasitolewe yote siku ya sahihi: nusu mkisaini, nusu akishaonekana yeye ndiye mmiliki mkuu na jina la meneja limeondolewa. Baadaye abadilishe akaunti ya AdSense, ile inayopokea pesa za YouTube, la sivyo chaneli ni yake na pesa bado zinakwenda kwa lebo. Facebook na TikTok, aangalie namba ya simu inayopokea namba ya siri ya kuingilia. Kama ni ya meneja, bado hajatoka.

Nyimbo kwenye Spotify, Boomplay na kwingine zina ISRC, msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaotambulisha kila rekodi. Zidai zote kwa maandishi. Akihamisha wimbo kwa msambazaji mpya atumie ISRC ileile, faili lilelile la WAV (sauti kamili isiyobanwa), jina na urefu uleule. Asubiri toleo jipya lionekane, ndipo la zamani liondolewe. Akianza kwa kuondoa, au akipewa ISRC mpya, idadi ya wasikilizaji inaanza sufuri. MP3 iliyopita Bluetooth mara nne haifai. Adai WAV na vipande vya sauti vilivyotenganishwa, na lebo imwambie msambazaji wake aachie madai ya Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua mwenye wimbo. Wasipoachia, video yake mwenyewe itadaiwa, atapinga, na mdai ana siku 30 za kujibu.

Kama masta hawaiachii kwa bei ya maana, njia nyingine ni kurekodi upya. Taylor Swift alianza kutoa matoleo mapya mwaka 2021 baada ya lebo yake ya zamani kuuzwa pamoja na masta zake mwaka 2019, na alizinunua mwaka 2025. Aliweza kwa kuwa utunzi ulikuwa wake na muda wa katazo ulikwisha. Asome kwenye kontra kama kuna katazo la kurekodi upya na la miaka mingapi. Asisahau mpiga biti: biti haikuwa ya lebo wala ya mdogo wako kama hakuna karatasi.

Halafu mabanga. Hapa kwetu mtu analipa ili jina lake litajwe kwenye wimbo, na hizo pesa zinapita mkononi, hazipo kwenye ripoti yoyote. Kontra nyingi hazisemi ni za nani. Ukiidai lebo hesabu, nayo itauliza mabanga yaliingia kiasi gani na yalikwenda wapi, hivyo mdogo wako akuambie ukweli kabla avoka hajaandika mstari wa kwanza.

Ukiipata kontra, piga picha kipengele cha muda, cha gharama na cha kurekodi upya, uweke hapa ukiwa umefunika majina. Ukurasa wa asilimia unaweza kusubiri.