Barua kwa mwanangu: yule bibi wa Wilber alipata nini?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Uliandika kwamba ilikuwa saa nane za usiku, umeketi kando ya kitanda cha mama mkwe wako, naye ameanza tena kusema Kisambaa usichokielewa, ndipo ukaikumbuka picha ya yule bibi wa Kizungu aliyekupakata ukiwa na siku nne. Ukaniuliza: "Mama, huyu bibi uliyetusimulia kuwa alihudumia kila mtu, yeye mwenyewe alipata nini?" Nimeona swali hilo halifai kujibiwa kwa simu, hasa kwa kuwa nadhani hukuuliza habari zake peke yake.

Ulipozaliwa, Januari 1986, tulikuwa tukiishi Wilber, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Nebraska, Marekani. Baba yako alikuwa akisoma katika mji jirani wa Crete, nasi tulipanga vyumba viwili vya juu katika nyumba ya bibi huyo kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu. Alikuwa na umri wa miaka 74. Babu na bibi zake walitoka Bohemia, nchi ya Wacheki iliyokuwa wakati huo chini ya milki ya Austria, wakavutwa na ile sheria ya 1862 iliyompa mtu ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wake wa asili, jambo ambalo yeye mwenyewe alinieleza bila kulificha. Wacheki walikuwa wengi sana pale, na tangu 1962 mji huo umekuwa ukifanya tamasha lao kila Agosti, lenye ngoma zao, nguo zao za kudarizi na vile vimkate vitamu viitwavyo koláče, vyenye kishimo katikati kilichojazwa matunda au mbegu za mpopi.

Hakuchagua kazi ile ya kuuguza watu, na hapo ndipo lazima nianzie, maana miaka yote nilipokuwa nikiwasimulia nilipita haraka mahali hapa. Alikuwa binti pekee kati ya watoto wanne. Alipomaliza darasa la nane alitaka kwenda Omaha kujifunza uuguzi, lakini mama yake akapatwa na kiharusi, na nyumba nzima ikamgeukia yeye. Walisema ni mpaka mama apate nafuu. Ilikuwa miaka 19. Kisha akamuuguza baba. Shamba likagawanywa kwa kaka zake, naye akapewa ile nyumba ya mjini ambayo sisi tuliikuta ikivuja upande wa kaskazini. Hakuolewa. Aliniambia kwamba kijana mmoja alimngojea miaka mitano, akachoka, na hakumlaumu.

Lakini ukiishia hapo utamwona kama mtu aliyeonewa tu, nami niliishi naye, nikaona zaidi ya hilo. Nikupe mfano wa jambo alilolijua kuliko mtu yeyote pale mjini. Mwaka 1919, chuki dhidi ya Wajerumani iliyoachwa na Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa bado kali, bunge la Nebraska lilipitisha sheria ya kukataza kumfundisha mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane lugha yoyote isiyo Kiingereza. Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1923, lakini watoto wengi walikuwa wamekwisha kujifunza kuionea aibu lugha ya nyumbani. Yeye alikishika Kicheki chake kwa sababu ya kitanda cha mama yake: alimsomea magazeti kila jioni kwa miaka yote ile. Basi, wazee wa wilaya ile walipofikia siku zao za mwisho, Kiingereza walichokisema kwa miaka 60 kiliwatoka, wakabaki na lugha ya mama zao, na wajukuu waliowazunguka wakadhani wanaweweseka. Simu ya bibi ililia usiku. Mara mbili nilikwenda naye. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akirudia maneno yaleyale huku binti yake akilia, bibi akainama, akasikiliza, kisha akamgeukia yule binti akasema: "Hapayuki. Anauliza kama ng'ombe wamekamuliwa." Akamjibu mzee kwa Kicheki kwamba wamekamuliwa wote, na mzee akatulia.

Akiingia nyumba yenye mgonjwa, hakuanza na mgonjwa. Alipita kwanza jikoni, akatazama vyombo, akatazama kama kuna chakula kilicholiwa nusu na kuachwa, akatazama miguu ya yule anayeuguza kama imevimba. Alisema mgonjwa ana ugonjwa mmoja, lakini anayemuuguza hujui ana mingapi. Baada ya hapo ndipo alipopanda kwa mgonjwa, akamgeuza ubavu ili mgongo usichubuke, akampangusa midomo, akakaa naye kimya. Hakupenda kuwaambia watu wajipe moyo.

Nawe ulipozaliwa, nje kulikuwa na theluji mpaka kwenye vizingiti vya madirisha, mama yangu yuko Lushoto, na mimi sikuwa na mtu wa kunikalisha arobaini. Nilipokuwa na uchungu hospitalini niliona haya kulia kwa Kisambaa mbele ya wauguzi, naye akanishika mkono akaniambia nilie kwa lugha ninayoitaka. Tuliporudi nyumbani aliniuliza kwetu mzazi hufanyiwa nini. Nikamweleza habari za kukandwa kwa maji ya moto, uji, na mama mzazi kutoguswa na kazi kwa siku 40. Akacheka kwa furaha, akasema kwao pia ipo, huiita šestinedělí, yaani wiki sita, ila wajukuu wa Wacheki wameiacha. Kwa wiki sita sikushika sufuria. Alipanda ngazi zile kwa magoti yake mabovu, asubuhi na jioni, na ule mfarishi wa manyoya ya bata bukini uliokulia ndani yake aliujaza yeye mwenyewe. Manyoya hayo wanawake wa pale waliyachambua kwa mikono, wakikaa pamoja siku za baridi.

Miaka ile ilikuwa mibaya kwa wakulima wa huko. Walikuwa wamekopa ardhi ilipokuwa na bei ya juu, kisha bei ikaanguka na riba ikapanda, na mashamba yakauzwa kwa mnada huku wenyewe wakitazama. Alipika, akapeleka, akakaa na wanaume waliokuwa hawasemi.

Sasa acha nilijibu swali lako. Alipata mayai, kuni, mahindi, na mara nyingine fedha, na hakuona aibu kupokea. Asiyelipa aliyekuwa na uwezo, alimkumbusha. Alikuwa mwanachama wa Západní Česko-Bratrská Jednota, chama kilichoanzishwa Omaha mwaka 1897, ambacho kwetu tungekiita cha kufa na kuzikana, nacho kilikubali wanawake wawe wanachama kamili wakati chama mama walichojitenga nacho kilikuwa kikiwakatalia. Kwa hiyo alijua kwamba mazishi yake yamelipiwa. Alipata heshima. Niliwahi kumwona amekasirika mara moja tu, siku ndugu yake mmoja aliposema mezani kwamba dada yao alizaliwa na kipaji cha kuhudumia. Aliweka upawa chini, akasema: "Sikuzaliwa nacho. Nilijifunza, na ninyi mngeweza kujifunza pia." Hakuna aliyejibu, na chakula kililiwa kimya mpaka mwisho.

Nadhani alifurahia kazi yake, mwanangu, kama fundi anavyoifurahia kazi anayoijua, na nadhani pia alidhulumiwa, na sijaona kwamba jambo moja linalifuta jingine. Sisi tuliomsifu ndio tuliokuwa tukimchosha. Tulipomwita mtakatifu, tulikuwa tumejipa ruhusa ya kutopanda zile ngazi.

Kuna sehemu sijawahi kuwaambia. Tulirudi nyumbani, nikamwandikia miaka miwili ya kwanza, kisha nikaacha, nikiwa na nyie watatu na shule ya kufundisha. Mwaka 1993 jirani yake aliniandikia kwamba bibi amefariki. Alipatwa na kiharusi kama mama yake, majirani wakapeana zamu, na mwishowe akapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Wengine ambao mama zao aliwaosha kwa mikono yake hawakuja kumwona. Majuma ya mwisho alisema Kicheki tu, na aliyeweza kumjibu alikuwa mzee mmoja tu wa chumba cha pili, ambaye wauguzi walimsukuma kwa kiti cha magurudumu kila alasiri ili aje kuongea naye. Barua ile ninayo, na wimbo wa kumliwaza mtoto alioniandikia kwa herufi zake ninao, ila sijui kuutamka.

Nami sikukufundisha Kisambaa. Ulikulia Dar es Salaam, tukaona Kiswahili kinatosha, na sasa unakesha na mama anayeomba kitu usichoweza kumpa kwa sababu hujui ni kitu gani.

Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi, nitafika Morogoro jioni, nami nitakaa wiki tatu. Mfarishi nimeutoa sandukuni, nimeuanika, nitakuja nao. Usinipikie chochote. Nitaanzia jikoni kwako, nikuone miguu, kisha nitaingia kwa mama mkwe wako nimsikilize anasema nini. Usiku huo nitalala mimi chumbani kwake, na wewe utalala chumba cha mwisho, mlango ukiwa umefungwa, mpaka uamke mwenyewe.

Mama yako