Pikapu na mafuta: maswali yenu ya safari hii

Karibu kila aliyeniandikia safari hii ana kilio kimoja: pikapu inakula mafuta kuliko kazi inayofanya. Nimechagua maswali yaliyojirudia.

Nimeambiwa nikienda barabara kuu nishushe mlango wa nyuma ili upepo upite. Inasaidia?

Haisaidii, na mara nyingi inadhuru. Mlango ukiwa umefungwa, hewa inayotoka juu ya kabini hujizungusha ndani ya sehemu ya mizigo na kutulia humo, kisha hewa nyingine inateleza juu yake. Ukishusha mlango unauvuruga mzunguko huo. Kifuniko cha sehemu ya mizigo kinapunguza ukinzani kidogo. Kinunue kwa ajili ya kulinda mzigo wako. Mafuta utakayookoa yahesabu kuwa nyongeza.

Kuna kasi maalumu ya kubana mafuta?

Hakuna namba moja kwa magari yote, ila jua hesabu yenyewe. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 110, kasi imeongezeka kwa chini ya asilimia 40, lakini nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma inakaribia kuwa maradufu. Na pikapu ni ukuta unaotembea: pana, imenyanyuka, chini imejaa vyuma vinavyokamata hewa. Kupunguza kilomita 15 au 20 kwenye kasi yako ya barabara kuu ni dawa kubwa kuliko vifaa vingi vinavyouzwa dukani.

Mjini adui ni breki. Kila unapoikanyaga, mwendo ulioununua kwa mafuta unageuka joto na kupotea. Kwa hiyo tazama mbali. Ukiona taa nyekundu au foleni mbele, toa mguu mapema gari lijipunguze lenyewe. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema uendeshaji wa pupa unaweza kupunguza umbali unaopata kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye msongamano. Sijui kifaa cha kufungwa kwenye gari kinachoweza kufidia mguu mzito kiasi hicho.

Kwenye mteremko naweka gia huru ili injini ipumzike. Mume wangu anakataa. Nani yuko sahihi?

Samahani dada, hapa ushindi ni wa shemeji. Injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata kabisa upulizaji wa mafuta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Tena unapoteza nguvu ya injini ya kuzuia gari, breki zinabeba kazi yote na zinaweza kuchemka.

Nilifunga matairi makubwa na kuinua gari. Sasa ulaji umepanda. Nifanye nini?

Kwanza, sehemu ya ongezeko hilo huenda ni uongo wa mita. Mtu akitoka tairi la saizi 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka kwa takriban asilimia 3: mita ikisoma kilomita 100, umekwenda kama 103. Rekebisha hesabu kabla ya kulaumu injini.

Kinachobaki ni halali. Tairi kubwa ni zito kulizungusha, meno yake makubwa yanakwaruzana na lami, na gari lililoinuliwa linakaribisha upepo chini ya tumbo. Kama huendi matopeni, rudisha saizi ya kiwandani. Kama unaenda, lipa mafuta bila kinyongo. Vyovyote iwavyo, pima upepo wa matairi yakiwa baridi, na keria tupu ya juu ishushwe.

Sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, je?

Hapana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kubana mafuta. Vilivyoonyesha faida ni vichache sana, na faida yenyewe ndogo.

Na filta chafu ya hewa?

Kwenye injini ya zamani ya kabureta, isiyo na kompyuta ya kupima mafuta, inaongeza ulaji. Kwenye injini ya kisasa ya petroli inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyopoteza mafuta. Ibadilishe tu.

Sijabadilisha chochote, lakini ghafla limeanza kubugia.

Huo ni ugonjwa, si tabia. Baada ya mwendo usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa; moja ikiwa na joto kupita nyingine, breki yake inashika. Mshale wa joto usipopanda, shuku thamostati (vali inayoongoza maji ya kupoza injini) iliyokwama wazi: kompyuta inadhani injini bado baridi na kuiongezea mafuta. Taa ya injini ikiwaka, sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini, imo kwenye orodha ya washukiwa. Hakikisha pia hukusahau kutoa 4x4.

Kabla ya kwenda kwa fundi, jaza tangi hadi pampu ijikate, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawa lita kwa kilomita, zidisha kwa 100. Lita 48 kwa kilomita 400 ni lita 12 kwa kila kilomita 100. Rudia kwa matangi kadhaa, umpelekee namba hizo.