Miembe midogo kwa waya na sifongo

Ndugu, umeuliza namna ya kutengeneza miembe ya mfano wa nyumba wa kipimo cha 1:100 bila gharama kubwa. Chukua kipande cha waya wa umeme, umenye ganda la plastiki, kisha usokote nyuzi za shaba ziwe shina, ukiziachanisha juu ziwe matawi. Mwembe wa mita 12 utakuwa na sentimita 12. Paka gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi laini la mbao ili shina likwaruze kama gome. Kwa majani, napendelea sifongo kuukuu ya kuoshea vyombo, iliyokatwakatwa na kuchovywa katika rangi ya kijani iliyotiwa kahawia kidogo, kwa sababu kijani kitupu huonekana cha bandia mno. Ikauke kabisa kabla ya kuibandika. Mwembe una kivuli kizito, kwa hiyo usiache mapengo, na baadhi ya ncha uzipake wekundu wa machipukizi.