Boksi la Vipodozi la Kila Mwezi: Hesabu Mililita Kwanza, Dola Baadaye

Swali la kama boksi la vipodozi, lile la sampuli unalolipia usajili likufikie nyumbani kila mwezi, lina thamani ya pesa yake huulizwa sana na dada zetu walioko Marekani na Uingereza, na jibu hutegemea kilichomo ndani kuliko bei. Tuseme boksi ni dola 14. Si nyingi. Lakini dola 14 kila mwezi ni dola 168 kwa mwaka, bila kodi ya mauzo ya jimbo, na kwa fedha hizo mtu ananunua sabuni ya uso, losheni na sanskrini (krimu ya kukinga jua) za mwaka mzima, na chenji ya lipstiki ikabaki.

Biashara yenyewe ilianza kuvuma mwaka 2010, Katia Beauchamp na Hayley Barna walipoanzisha Birchbox jijini New York: dola 10 kwa mwezi, sampuli nne au tano mlangoni. Mwaka uliofuata Michelle Phan na wenzake wakaanzisha huduma iliyokuja kuitwa Ipsy, na Berlin ikazaliwa Glossybox. Siri ya bei ndogo si ngumu. Kampuni za vipodozi hutoa sampuli bure au kwa bei ya kutupa kwa sababu kwao hilo ni tangazo. Wewe unalipia kufikishiwa tangazo nyumbani. Hilo si kosa, mradi ulijue unapoingia.

Sasa tuje kwenye ile namba inayoandikwa kwa wino mnene: "thamani ya dola 54 kwa dola 14 tu." Namba hiyo haitungwi. Huchukuliwa bei ya dukani ya chupa kamili, ikagawanywa kwa mililita, kisha ikazidishwa kwa ujazo wa sampuli. Tuchukue boksi la mfano lenye vitu vitano. Seramu ya mililita 5, ambayo chupa yake ya mililita 30 ni dola 60: hapo dola 10. Krimu ya uso mililita 7, kopo la mililita 50 ni dola 50: dola 7. Maskara mililita 4, tyubu ya mililita 10 ni dola 28: dola 11.20. Shampuu kavu ya kunyunyiza mililita 30, kopo la mililita 200 ni dola 26: dola 3.90. Na rangi ya kope ya kumetameta, saizi kamili, dola 22. Jumla dola 54.10. Hesabu ni sahihi kabisa, ila ni hesabu ya muuzaji.

Ya mnunuzi inaanzia kwingine: ungetumia nini humo, na hicho hununua kwa shilingi ngapi siku za kawaida? Tuseme mwenye boksi ana nywele za kipilipili na hapaki rangi ya kumetameta. Shampuu kavu imetengenezwa kunyonya mafuta kwenye nywele laini zinazolala kichwani. Kwenye nywele kavu zilizojisokota huacha unga mweupe na kuzikausha zaidi. Sifuri. Rangi ya kope, sifuri. Seramu hununua ya dola 12 kwa mililita 30, kwa hiyo mililita 5 zimemwokolea dola 2. Krimu yake ya kawaida ni dola 15 kwa mililita 50. Mililita 7 ni dola 2.10. Maskara yake ni ya dola 10, na kwa mililita 4 tungeandika dola 4. Jumla dola 8.10, na boksi lilikuwa dola 14.

Lakini hapo kwenye maskara hesabu ya mililita inadanganya, safari hii kwa faida ya boksi. Maskara ikishafunguliwa hutakiwa kutupwa ndani ya miezi mitatu hadi sita, maana kijiti kinagusa kope kisha kinarudi kwenye giza na unyevu, na bakteria wanafurahi. Watu wengi hutupa tyubu kamili ikiwa imebaki nusu. Sampuli ya mililita 4 inatosha kabisa miezi mitatu ya kupaka kila siku. Maana yake kale katyubu kadogo kamechukua nafasi ya tyubu nzima ya dola 10, na boksi sasa limefika dola 14.10. Limejilipa, na senti kumi juu.

Mwezi wa pili likija na maskara nyingine, ya kwanza bado iko nzima. Hiyo ya pili ni sifuri. Ndivyo maboksi mengi yanavyoanza vizuri na kuharibika kufikia mwezi wa nne: vitu havikuishii kwa kasi vinavyoingia. Droo inajaa, na mtu anaendelea kulipa.

Kwa hiyo jifunze sampuli ipi inakaa muda gani. Pakiti bapa ya karatasi ya fedha huwa na mililita 1 hadi 2, yaani mara moja au mbili, basi. Kichupa cha manukato cha mililita 1.5 hutoa mipulizo kama 15, na hiki ni cha maana kuliko watu wanavyokichukulia: manukato ya dola 120 hayafai kununuliwa kwa kunusa karatasi dukani, yanataka siku mbili tatu kwenye ngozi yako, jasho lako na jua lako. Sanskrini usoni na shingoni inahitaji urefu wa vidole viwili, zaidi kidogo ya mililita 1, kwa hiyo tyubu ya mililita 15 haifiki wiki mbili hata ukipaka asubuhi tu. Ukiona imekutosha mwezi, ulikuwa unapaka kidogo mno na kinga hukuipata. Kondishna ya mililita 30 kwa nywele nene za asili? Haitoshi hata kuosha mara moja. Hiyo weka kwenye mkoba wa safari ya mtoto.

Sampuli pia si kipimo cha kila kitu. Harufu, uzito wa krimu, sabuni kama inakausha uso: hayo utayajua kwa siku chache. Retinoli (krimu za vitamini A) na dawa za madoa ni habari nyingine. Hizo huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha kazi, na mililita 5, ukitumia kiasi cha punje ya mbaazi kila usiku, huisha katika wiki tatu hivi. Unabaki umepitia kipindi cha ngozi kubabuka bila kuliona tunda. Ama ununue tyubu kamili, ama uiache.

Na hapa ndipo wenye ngozi nyeusi tunapaswa kuwa wakali. Kosa kubwa kuliko yote ni kufungua boksi Jumamosi na kupaka vyote vitano jioni hiyohiyo. Chunusi ikitokea hutajua mwizi ni nani, na kwenye ngozi yetu chunusi mara nyingi huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Anza na kimoja. Paka eneo la ukubwa wa sarafu kwenye mkunjo wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Kukiwa shwari, peleka usoni, na kingine kisubiri zamu. Ukifanya hesabu utaona boksi la vitu vitano linataka karibu mwezi na nusu kujaribiwa kwa usalama, na jipya linafika baada ya siku thelathini.

Rangi nazo. Ndani ya maboksi faundesheni ni nadra, kwa sababu boksi moja haliwezi kumfaa kila mtu; zikija, huwa kopo moja la rangi ya katikati. Tangu Fenty Beauty, vipodozi vya mwimbaji Rihanna, itoke mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, madukani mambo yamebadilika sana, lakini boksi bado linafungwa kwa wingi na kwa kukadiria. Unapojaza maswali ya usajili, usipite harakaharaka: taja ngozi nyeusi kabisa kama ndivyo ilivyo, taja nywele za kipilipili, na pale wanapouliza usichotaka, ondoa rangi za fedha na waridi hafifu, ambazo kwetu hugeuka majivu. Sanskrini yenye zinki nyingi isiyotiwa rangi itakuacha na uso wa mtu aliyetoka kukanda ngano. Jambo jingine: lebo ya Marekani ikisema krimu "inang'arisha," mara nyingi ni vitamini C au niasinamaidi (aina ya vitamini B3), si mkorogo. Haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, hairuhusiwi kuuzwa huko bila cheti cha daktari tangu 2020, na Tanzania vipodozi vyenye haidrokwinoni au zebaki ni marufuku. Hata hivyo, soma viambato. Sampuli nyingine huja bila katoni na orodha haipo. Itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la bidhaa kabla hujaipaka.

Tarehe ya mwisho usiitegemee sana. Sheria ya Marekani hailazimishi vipodozi vya kawaida kuiandika. Tafuta mchoro wa kikopo kilichofunguliwa chenye 6M au 12M, yaani miezi baada ya kufungua, na andika kwa kalamu ya wino usiofutika siku uliyofungua. Sanskrini inachukuliwa kama dawa huko, kwa hiyo isiyo na tarehe iliyobonyezwa kwenye tyubu iangalie mara mbili.

Nani basi anapata faida? Anayeanza kujipodoa na hajui anapenda nini, kwa miezi mitatu. Anayesafiri mara kwa mara na mkoba wa mkononi, maana kwenye viwanja vingi vya ndege vimiminika vya kuingia navyo ndani ya ndege havizidi mililita 100 kila kichupa. Ndugu wawili wa nyumba moja wanaogawana, mmoja achukue ya nywele, mwingine ya uso. Aliyekwisha kupata krimu yake na haibadilishi hana sababu. Huyo maduka makubwa humpa sampuli bure anapoagiza vitu vyake vya kawaida mtandaoni, na zawadi ya siku ya kuzaliwa juu yake.

Ukiamua kujisajili, lipia mwezi kwa mwezi hata kama mwaka mzima una punguzo. Haya makampuni hubadilika: boksi la Sephora lililoitwa Play lilianza 2015 likafungwa 2020, mwaka huohuo Ipsy ikainunua Boxycharm, mpinzani wake, na Birchbox yenyewe ikauzwa 2021. Pesa ya mwaka iliyokwisha lipwa ni ngumu kuifuata mwenye duka akishabadilika. Usajili hujirudia wenyewe mpaka uuzime, kwa hiyo weka kengele kwenye simu siku tano kabla ya tarehe ya makato, wala si siku yenyewe. Kuna kitufe cha kuruka mwezi na kitufe cha kughairi; cha kuruka mara nyingi ndicho kikubwa chenye rangi, na ukikibonyeza mwezi unaofuata unakatwa kama kawaida. Kuondoa programu kwenye simu hakughairi chochote. Endelea kubonyeza mpaka upate barua pepe ya kuthibitisha, ihifadhi, na piga picha ya skrini. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 2010 inamtaka muuzaji wa mtandaoni akupe njia rahisi ya kusimamisha makato yanayojirudia. Akikuzungusha, ile picha na barua pepe ndivyo vya kupeleka benki. Ukiwa Uingereza, una siku 14 za kughairi ulichonunua kwa mtandao, lakini kipodozi ulichovunja mhuri wake wa usafi hakirudi.

Na wale wanaokusanya sampuli miezi sita ili kuwatumia mashangazi na binamu Dar au Mombasa: manukato yenye alkoholi na rangi za kucha haziruhusiwi kwenye posta ya kimataifa ya Marekani kwa sababu zinashika moto, kwa hiyo ziweke kando. Krimu na seramu zisiende kwa kontena, maana wiki kadhaa ndani ya bati juani hutenganisha mafuta na maji, na zikifika zinanuka. Mpe anayesafiri. Fungua kila kifuniko, tandika kipande cha nailoni mdomoni mwa kichupa, funga tena, weka vyote kwenye mfuko wa zipu katikati ya nguo, na uandike juu ya kila kimoja kwa Kiswahili kazi yake. Tona (maji ya kusafishia uso) na kisafisha kucha hufanana sana.