Nilifunga injini ya dizeli, giaboksi ikaniumbua

Siku nilipoiwasha injini ya dizeli kwenye pikapu yangu kwa mara ya kwanza, nilijua kazi imekwisha. Silinda nne, lita 3.9, imetolewa kwenye lori dogo, inanguruma pale mbele kama imezaliwa humo. Nyuma yake nilikuwa nimebakiza giaboksi ya zamani iliyokuja na injini ya petroli, ya gia nne, kwa sababu moja tu: ilikuwepo. Nikaingia barabara kuu, nikaweka namba nne, nikakanyaga mafuta. Gari likafika kilomita 95 kwa saa, likagoma hapo. Nguvu zilikuwepo tele, ila gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini, ilikuwa imeshakata. Injini ile mwisho wake ni mizunguko 3,200 kwa dakika, na mimi nilikuwa nimeimaliza yote. Basi la abiria likanipita, utingo akanipungia mkono.

Hesabu ya kuniepusha na aibu ile haimalizi dakika kumi. Chukua chaki, piga alama kwenye tairi pale linapogusa chini, na nyingine sakafuni. Sukuma gari hadi alama ya tairi irudi chini, kisha pima umbali uliotembea. Langu lilitembea mita 2.4. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni mita 1,667 kwa dakika; gawa kwa 2.4, unapata gurudumu linazunguka mara 694. Zidisha kwa uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Yangu ilikuwa 4.875, kwa hiyo injini ilitakiwa izunguke mara 3,385 kwenye namba nne, ambayo ni moja kwa moja: shafti ya nyuma ya giaboksi inazunguka sawa na injini. Injini ya petroli iliyokuwepo ilikuwa inapita 5,000 bila kulalamika, ndiyo maana difu ile haikuwahi kumsumbua mtu. Kwa dizeli ya lori ni ukuta.

Kwa hiyo usianze na swali la giaboksi gani inapatikana. Anza na mwendo unaotaka kusafiri nao, halafu uangalie injini yako inapenda kukaa wapi. Dizeli nyingi za namna ile huvuta vizuri zaidi kati ya 1,600 na 2,200. Mimi nilitaka niwe karibu na 2,200 nikiwa kwenye 100. Nikarudi nyuma kwa hesabu: difu ya 3.7, namba tano yenye ovadraivu ya 0.85, yaani gia ambayo shafti ya nyuma huzunguka haraka kuliko injini, jibu 2,184. Tayari nilijua natafuta nini kabla sijamuuliza muuzaji yeyote.

Hapo kuna mtego. Giaboksi ya gia tano si lazima iwe na ovadraivu. Giaboksi nyingi za malori madogo namba tano yake ni moja kwa moja, na nne za chini ndizo zimesogezwa kwa ajili ya kubeba mzigo. Ukiinunua kwa kuhesabu namba zilizochorwa kwenye kirungu cha gia, umerudi kulekule. Njia ya kuhakikisha ni kuiweka chini, kuingiza namba tano, na kuzungusha shafti ya mbele kwa mkono mara kumi huku mwenzako akihesabu ya nyuma. Ikizunguka kumi kamili, hiyo ni moja kwa moja. Ikikaribia kumi na mbili, ndiyo unayoitaka.

Kuhusu uimara, watu huuliza nguvu za farasi za injini. Giaboksi haijui farasi, inajua torki, yaani nguvu ya kusokota. Cummins ya lita 5.9 ilipoanza kuwekwa kwenye pikapu za Dodge mwaka 1989 ilikuwa na farasi 160 tu, idadi ambayo leo gari dogo la petroli linaipita. Torki yake ilikuwa karibu nyutonimita (Nm) 540. Ukisoma farasi peke yake utanunua giaboksi ya kuchezea. Tena Nm zinazoandikwa ni za wastani. Dizeli inapiga kwa vishindo, na silinda nne hupiga kwa vishindo vikali kuliko sita. Giaboksi yangu ya petroli ilianza kulia kwenye namba tatu mwezi wa pili. Nilipomwaga oili ilitoka ikimetameta vumbi la chuma, na kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili kulikuwa na kipande cha jino ukubwa wa punje ya mchele. Sikumlaumu mtu. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake.

Ushauri wangu, na najua kuna mafundi watabisha: nunua dizeli pamoja na giaboksi iliyotoka nayo kiwandani, kisha rekebisha mwendo kwa difu. Unapata flaiwili, klachi, stata na kengele ya giaboksi (ganda linaloifunga kwenye injini) vinavyojuana. Kama ya kwake haina ovadraivu au haiingii chini ya sakafu, hapo ndipo utafute nyingine. Na hata ndani ya familia moja soma herufi na namba zote. Giaboksi za R150F na R151F za Toyota hufanana machoni, lakini uwiano wa namba moja ya R150F ni 3.83 na ya R151F ni 4.31. Kwenye mlima ukiwa na mzigo, tofauti hiyo utaisikia kwenye klachi.

Angalia pia mapengo kati ya gia. NV4500, giaboksi ya gia tano ya pikapu kubwa za Marekani, ni chuma kweli; nyingi namba moja yake ni 5.61, inang'oa kisiki. Ila namba tatu ni 1.67 na nne ni 1.00. Ukitoka tatu ukiwa kwenye 2,800, unaangukia karibu 1,680. Kama tabo yako, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inaamka kwenye 1,800, kila ukipanda kilima utakuwa unahangaika kati ya gia moja inayopiga kelele na nyingine iliyolala.

Sasa pleti ya kuunganishia injini na giaboksi isiyo yake, maana hapa ndipo fedha zangu nyingi zilipopotelea. Pleti yangu ya kwanza ilikerezwa vizuri kwa macho, matundu yote yakakubali bolti. Lakini haikuwa na pini za kuongozea. Bolti hubana tu. Kazi ya kuweka katikati ni ya pini. Wiki ya tatu rivasi ikaanza kusaga hata nikiwa nimekanyaga klachi mpaka mwisho, kisha beringi ya shafti ya mbele ikafa. Fundi wa pili alifunga geji ya mshale kwenye flaiwili, ncha ya geji ikigusa ukingo wa tundu la katikati la kengele, akazungusha injini polepole kwa spana. Mshale ulitembea zaidi ya nusu milimita. Kikomo kinachokubalika na wengi ni milimita 0.13 kwa mzunguko mzima. Tulitoboa upya, tukaingiza pini, tukapima tena mpaka mshale ukatulia.

Siku ya kuipandisha giaboksi, isiposogea mpaka mwisho kwa kusukuma na kutikisa kwa mkono, acha. Usiivute kwa bolti. Shafti inawezekana ni ndefu mno, meno hayalingani na klachi pleti, au beringi ndogo ya kwenye krankishafti si ya saizi yake. Bolti zitavuta kweli, na kitakachopasuka utakijua baadaye.

Otomatiki? Chukua ile tu iliyotoka na dizeli hiyohiyo, na kompyuta yake kama inayo. Otomatiki nyingi za zamani za petroli husoma mzigo kwa mvuto wa hewa wa injini, na dizeli nyingi za zamani hazina mvuto huo kwa kuwa hazina kizibo cha hewa. Utalazimika kuongeza pampu ya kuutengeneza na vali yake. Gia zake pia zimepangwa kubadilika kwenye mizunguko ambayo dizeli haifiki kamwe, na konveta yake, inayokaa mahali pa klachi, inateleza sana pale chini ambako dizeli ndiko inakovuta. Yote hurekebishika. Mimi sikuwa na uvumilivu huo.

Oili: soma kitabu cha giaboksi, si cha injini. Baadhi ya oili za daraja la GL-5 hula shaba ya sinkronaiza, ringi zinazolainisha kubadili gia, kwenye giaboksi iliyotengenezwa kwa daraja la GL-4.

Pikapu sasa ina giaboksi ya lori la injini ileile, namba moja ya 5.0 na tano ya 0.85, na difu za 3.7, ya mbele na ya nyuma, maana ni gari la magurudumu manne na zikitofautiana utavunja transifa, kile kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Propela ilibidi ifupishwe na kupimwa mizani upya. Nikiwa kwenye 100 mshale wa mizunguko unasimama kidogo chini ya 2,200. Alama ya chaki bado ipo sakafuni, nimeipaka rangi.